Alimpigia baba yangu honi kama mbuzi barabarani

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa.

Tulikodi gari la watalii litupeleke Haller Park, Bamburi, Mombasa, hifadhi ya wanyama na miti iliyoko kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Mimi, wanangu wawili na baba, ambaye ujanani alivunja mawe kwenye machimbo hayohayo, enzi yakilisha kiwanda cha saruji. Tangu aache kazi hakuwahi kurudi. Anachokumbuka ni weupe tu: mwamba wa matumbawe, vumbi, na jua linalokupiga kutoka juu na chini.

Watoto walikimbilia twiga. Baba alibaki kwenye mivinje. Aliinama, akafukua majani makavu kwa kidole, akainuka na udongo mweusi, wenye unyevu, na jongoo amejikunja kiganjani. Nikamweleza nilichosoma: René Haller, aliyeotesha msitu ule, alipoanza mwaka 1971 alijaribu aina 26 za miti, tatu tu ndizo zikashika. Mvinje ukastawi, lakini majani yake hayakuoza, yakarundikana, hadi walipoletwa majongoo wakayala. Mavi yao ndiyo yakawa udongo ule.

Baba akasema, "Mwanangu, hapa hata kunguru hakuwa akitua."

Papo hapo honi. Ndefu, mara tatu. "Mzee, twende! Twiga si mmeshaona? Hayo ni majani tu!" Ni dereva wetu, kijana ambaye tangu asubuhi hakumwamkia hata shikamoo! Na muda tuliolipia ulikuwa bado.

Baba alimshusha jongoo taratibu, akajipangusa mikono kwenye suruali, akaingia garini bila neno. Kimya kile ndicho kinachoniuma.

Nilitaka kuandika msiende kabisa. Labda kijana alikuwa na wateja wengine wanamngoja, biashara ngumu siku hizi, naelewa. Hapana, sielewi! Angeshuka, akamsogelea, akasema "Samahani baba." Hatua ishirini tu. Huduma yake siipi hata nusu nyota.

Lakini pale penyewe nendeni, tena bila gari la mtu. Matatu za Mtwapa zinapita barabara hiyo ya Malindi, mnashuka karibu na lango. Mimi narudi na baba, wawili tu. Hajaona mabwawa ya samaki, wala pale Owen, kiboko yatima aliyeokolewa baada ya tsunami ya 2004, alipojibanza kwa kobe aitwaye Mzee. Na akitaka kukaa chini ya mvinje mpaka wafunge, tutakaa.