Uzoefu wangu: busta ya mlingotini na kebo ya RG-6 kwa kadi ya TV ya kompyuta

Kadi ya TV niliyonayo kwenye kompyuta inanasa matangazo ya dijitali kwa antena na kunirekodia vipindi nisipokuwepo. Miezi ya mwanzo ilinitesa sana. Picha inaganda, sauti inakatika, uso wa msomaji habari unageuka vijisanduku, kisha kila kitu kinarudi shwari kama hakuna kilichotokea. Enzi za analojia mawimbi yakiwa hafifu uliona chenga na mpira ukaendelea kuutazama. Dijitali haina huruma hiyo. Ukishuka desibeli (dB, kipimo cha mawimbi) moja au mbili chini ya kiwango chake, huna picha.

Nilianza kwa kununua busta, yaani kikuza mawimbi, ya mezani iliyoandikwa 30 dB na kuichomeka nyuma ya kompyuta. Kipimo cha nguvu kikapanda kutoka asilimia 58 hadi 94, nikafurahi. Kutafuta chaneli upya, mbili zilizokuwa zikishika vizuri zimepotea kabisa!

Hapo nikaacha kutazama nguvu, nikaanza kutazama ubora. Ninatumia Tvheadend, programu ya kutazama na kurekodi TV, ambayo inaonyesha uwiano wa mawimbi na makelele (ukiwa mkubwa ndiyo bora) pamoja na makosa ya data, na hizo ndizo namba za kuamini. Busta inakuza chochote kinachoingia ndani yake, makelele yakiwemo, na kilichokwisha kuzama kwenye makelele njiani haiwezi kukiokoa. Tena chaneli zenye nguvu zikikuzwa kupita kiasi zinailemea kadi, na zile dhaifu ndizo zinazoumia.

Nikaing'oa, nikaanza kukagua njia nzima ya kebo. Nilipofungua konekta ya F, kile kichwa cha kebo ya antena kinachoingia kwenye kadi, nikakuta uzi mmoja wa wavu wa nje, mwembamba kama unywele, umepinda na kugusa waya wa kati. Uzi mmoja tu. Nikakata kipande hicho, nikamenya upya taratibu, nikaukunja wavu wote kurudi nyuma juu ya ganda, nikahakikisha lile povu jeupe linalozunguka waya wa kati ni safi pande zote, ndipo nikakaza konekta. Uwiano ukatoka 15 dB hadi 19. Nilikaa pale nikiitazama namba ile, siamini. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote, fungua konekta zako zote uzitazame kwenye mwanga mzuri.

Kigawanyi cha njia mbili kilichokuwa kinalisha pia TV ya chumbani nimekitoa. Kile kinagawa mawimbi nusu kwa nusu, kwa hiyo kila tawi linapoteza zaidi kidogo ya desibeli 3.

Kebo ya zamani ilikuwa nyembamba, na wavu wake ulikuwa wa nadra kiasi cha kuona plastiki kati ya nyuzi. Nayo ilipita karibu kabisa na pawasaplai ya kompyuta. Nimeweka RG-6, aina ya kebo ya antena iliyo nene zaidi, yenye karatasi ya alumini pamoja na wavu mzito. Kwa mita 15 tofauti ya upotevu si kubwa. Nilichopata hasa ni kinga dhidi ya makelele ya kompyuta yenyewe.

Kilichokamilisha kazi ni busta ndogo ya 14 dB iliyofungwa mlingotini, chini tu ya antena, inayokuza mawimbi kabla kebo haijayala. Umeme wake unapanda kupitia kebo hiyohiyo kutoka kwenye adapta iliyo ndani. Angalia sana upande wa kuchomeka, umeme uelekee antena, usielekee kadi. Nilichagua yenye kichujio cha masafa ya simu, kwa sababu mitandao ya simu sasa iko kwenye 700 na 800 MHz, masafa yaliyokuwa ya televisheni, na busta isiyo na kichujio inayakuza hayo pia.

Sasa nasoma 25 dB kwenye chaneli nyingi, na rekodi za wiki tatu zimetoka bila kukatika hata mara moja. Busta ya mlingotini na kebo naipa kila moja nyota tano, ile ya mezani moja. Imebaki chaneli moja inayosumbua upepo ukivuma, maana mti ulio mbele ya antena unayumba na makosa yanapanda papo hapo. Hiyo nitaitafutia mlingoti mrefu zaidi.