TAHADHARI: Sonara aliyenibadilishia tanzanaiti kwenye pete ya uchumba

Mnaojiandaa kuvishana pete Desemba hii, someni kwanza kabla hamjamkabidhi mtu jiwe lenu. Nimepigwa, na aliyenipiga bado yuko Kariakoo anachukua oda. Jina silitaji kwa kuwa suala liko polisi, na RB ninayo.

Mwezi wa tatu nilinunua tanzanaiti Arusha kwa dalali mwenye leseni: umbo la yai, karati 1.82, bluu iliyoiva. Mchumba wangu alitaka ule mtindo wa halo, jiwe kubwa katikati na duara la almasi ndogondogo. Sonara nilimpata kwa picha zake mtandaoni, na pete zilikuwa nzuri kweli (baadaye nikagundua mbili kati yake zilikuwa za duka la ng'ambo). Tukakubaliana shilingi 1,900,000, dhahabu karati 18, almasi 18. Nikamrushia advansi ya 1,200,000, na jiwe nikamwachia limefungwa kwenye kikaratasi. Hakuandika uzito wala vipimo popote. Nilipouliza akacheka, "Kaka, mimi na wewe tena?" Nami nikaona aibu kudai.

Wiki tatu zikawa tisa. Mara mashine imeharibika, mara fundi wa kupachika vito amefiwa Tanga. Hapo ndipo nilipojua kwamba hapachiki mwenyewe. Masonara wengi hufanya hivyo na si kosa, ila ina maana jiwe lako linapita mikono usiyoijua.

Pete ikaja inang'aa. Upande mmoja kulikuwa na mwanya kati ya jiwe na duara. Akaniambia ndivyo mtindo ulivyo, nami nikakubali kama mjinga. Duara la halo hutengenezwa kwa kipimo cha jiwe lako lenyewe. Likiacha mwanya, ama ametumia kalibu la pete nyingine, ama jiwe silo.

Mwezi haujaisha, almasi mbili zikadondokea kwenye unga wa maandazi. Nikavuka hadi Unguja kwa mzee mmoja sonara wa Mji Mkongwe. Akaweka lenzi jichoni, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hizi zimegandishwa." Kwa gundi! Kila kijiwe hutakiwa kichongewe kikalio chake, kisha kibanwe na vikucha vya dhahabu. Vikucha vyangu vilikuwa pambo tu. Ndani ya pete kuna muhuri wa 750, yaani sehemu 750 za dhahabu katika 1,000, lakini alipoikwangua kidogo, akaisugua kwenye jiwe lake jeusi na kudondosha tindikali, chini ya maji ya dhahabu ikaonekana karati 9 hivi. Muhuri hugongwa na yeyote mwenye nyundo.

Hayo ningeyameza. La katikati ndilo lililoniumiza. Tanzanaiti ukiigeuzageuza kwenye mwanga, upande huu ni bluu, upande ule zambarau. Langu nilicheza nalo hivyo kwenye basi tangu Arusha mpaka Chalinze. Hili lilikuwa bluu ileile kila upande, na ndani kuna kipovu. Mzee akalichomoa, akaliweka kwenye mizani: karati 1.37. Ukubwa karibu sawa, uzito umepungua, maana kioo ni chepesi kuliko tanzanaiti. Halo hufunika kingo za jiwe na kulifanya lionekane kubwa kuliko lilivyo. Ndiyo raha yake, na ndiyo maficho ya tapeli.

Kwa hiyo jiwe lipimwe mkiwa wote wawili, uzito, urefu na upana, kasoro zake zipigwe picha kwa lenzi, yaandikwe na mtie sahihi. Picha za simu achana nazo. Omba ushike pete aliyoitengeneza mwenyewe na uigeuze: kwa fundi hodari hata mgongo wa halo ni safi, matundu yamelingana. Akitaja karati, muulize ya nini, kwa sababu ya dhahabu ni usafi na ya jiwe ni uzito, gramu 0.2 kila moja, na yule sonara alikuwa akizichanganya makusudi. Halafu muulize ataisafishaje. Huyu alijisifu kwamba ana mashine ya mtetemo "inayong'arisha kila kitu". Mtetemo ule unaweza kuipasua tanzanaiti. Ningejua hilo siku ile, ningechukua jiwe langu nikaondoka.

Nilipomrudia alidai ni taa za Unguja, kisha akaniblock. Juzi kanipigia kwa namba mpya, anataka "tuyamalize kiutu uzima". Sijamjibu.

Mkiletewa kununua tanzanaiti ya umbo la yai, karati 1.82, yenye ufa mwembamba kama unywele karibu na ncha moja, tafadhali msinunue. Nijulisheni, picha zake ninazo.