Dingi yangu ya tatu Kilifi: nyepesi, haipinduki ovyo, na hakuna anayeitamani

Hii ni dingi ya tatu, yaani kile kiboti cha kututoa pwani mpaka kwenye yoti, kwa yoti ninayoitunza hapa kriki ya Kilifi. Ya kwanza iliuliwa na jua, ya pili ikaibiwa, hii ya sasa ina mwaka na miezi minne na bado naamka asubuhi naikuta. Yoti ni ya futi 34, iko kwenye boya kama mita mia mbili kutoka pwani, bosi yuko Nairobi huja na familia wikendi moja moja, siku zingine ni mimi na kijana wangu wa kazi tunaenda na kurudi na mitungi ya maji, gesi, petroli, mafundi na vyombo vyao, yote hayo kwa dingi. Ukikosa dingi basi we ni mfungwa kwenye yoti yako mwenyewe, au uogelee.

Ya kwanza ilikuwa ya kujaza upepo, ya plastiki ya PVC, mita 2.7, sakafu ya mbao za kupachika. Kwa kutulia majini sina neno nayo, ile mipira ya pembeni inaifanya kama godoro, mtu mzima na kilo zake mia anakanyaga ubavuni kabisa na haishtuki. Lakini PVC na jua letu havipatani jamani. Mwaka wa pili mishono ikaanza kuachia gundi, ukiigusa inanata mkononi kama peremende iliyokaa mfukoni, asubuhi unaikuta imelala upande mmoja. Halafu hapa kwetu maji ya bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, yaani unaiacha pwani inaelea, unaenda sokoni, unarudi iko juu ya mawe, na mawe yenyewe yamejaa chaza, na chaza ni wembe. Viraka nilihesabu mpaka kumi na moja nikaacha.

Najua mtu ataniambia ningenunua ya Hypalon, ile nguo ya mpira. Kweli ile inavumilia jua, jirani mmoja alikuja nayo kutoka Shelisheli imepauka lakini mishono mizima. (Hypalon yenyewe lilikuwa jina la kampuni ya DuPont, waliacha kuitengeneza 2010, siku hizi unauziwa nguo ya aina hiyohiyo kutoka viwanda vingine ila watu wameng'ang'ania jina.) Shida ni bei, na chaza hajui kama hii ni Hypalon. Na ukweli mwingine ni kwamba boti nzuri ya upepo kila mtu anaitaka.

Ya pili bosi akasema sasa tuache mchezo, akanunua ya faiba, mita 3, na injini ya Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 15. Hapo ndo tulipokosea, tena makosa mawili kwa pamoja. Dingi peke yake ilikuwa inakaribia kilo 80, ukiweka injini na tanki watu wawili hamuivuti matopeni, mnakaa kusubiri maji yajae kama mnasubiri matatu ya mwisho. Na ile Enduro ndiyo injini kila mvuvi wa pwani hii anayoijua, spea zake ziko kila mahali, fundi yeyote anaifungua hata gizani, kwa hivyo ukiifunga nyuma ya dingi ni kama umetundika pesa kwenye kamba ya nguo.

Tulikuwa na sheria kwamba usiku dingi inapandishwa juu kwa henza ya mlingoti (kamba ya kupandishia tanga), isibaki majini. Sheria nzuri sana. Lakini kupandisha ile kitu kwa winchi ilikuwa kazi ya nusu saa na jasho, lazima kwanza ushushe injini, mmoja azungushe mmoja aizuie isigonge ubavu wa yoti, kwa hivyo tulifanya wiki ya kwanza, ya pili tukafanya siku mbili, baadaye tukawa tunaifunga tu kwa kamba nyuma. Usiku mmoja upepo wa kusi unavuma, mvua, mimi nimelala ndani nasikia maji yakigonga nikadhani ni kawaida. Asubuhi kulikuwa na kipande cha kamba kama mkono mmoja, kimekatwa safi kwa kisu. Boti tuliiona siku ya tatu ndani ya mikoko, injini hakuna, tanki hakuna, hata kizibo cha kutolea maji wamechukua, sijui cha nini.

Pale ndo nikajua kwamba uzito na wizi ni neno moja. Dingi utakayoipandisha ni ile ambayo hata ukiwa umechoka, umelowa na una njaa unaipandisha. Zingine zote utaziacha majini.

Kwa hivyo ya tatu nilianza na kilo badala ya urefu. Kipimo changu kilikuwa Optimist, zile za watoto wa kujifunza tanga, urefu mita 2.3 na kilo 35, ile mtu mzima anaibeba na mwenzake bila kusema ah. Tukatengeneza hapahapa, plaiwudi ya marini ya milimita 6, omo (mbele yake) bapa badala ya kuchongoka, upana mita 1.2. Mbao zinashonwa kwa waya wa shaba kisha unaziba viungo kwa epoksi na utepe wa faiba, ndo njia ya kushona kwa waya iliyotumika kwa dingi za Mirror za Waingereza miaka ya 60. Fundi wetu, mzee wa majahazi aliyezoea misumari na kalafati (pamba ya kuziba nyufa), alipoona waya akacheka, akasema mmenirudisha kwenye mtepe, zile za Lamu za kushonwa kwa kamba za kumbi. Gharama ilifika kama shilingi 70,000, na sehemu kubwa ni epoksi. Ilipokauka tukaipeleka kwenye mizani ya samaki, tukaitundika, watu wote wakaja kuangalia. Kilo 34.

Kutulia sasa, tusidanganyane, si kama ya upepo. Siku ya kwanza nilisimama ubavuni kwa makusudi na maji yakabaki vidole vinne kuingia, kijana akaruka kabla hajaambiwa. Tukaizungushia mpira mnene wa zimamoto uliochakaa, tumeujaza foamu ndani, umefungwa nje chini ya ukingo, na hapo tabia ikabadilika kabisa, ikilala kidogo ule mpira unagusa maji na kuisukuma juu. Pia haukwaruzi rangi ya yoti. Uzito uliongezeka kilo nne, nimekubali. Watu watatu, si wanne, bosi hapendi lakini ndo hivyo. Na kusi likivuma ile omo bapa inapiga mawimbi unafika umelowa mpaka mgongoni.

Injini ni Suzuki ya 2.5, kilo 13 na nusu, naitoa kwa mkono mmoja naiweka ndani ya kokpiti kila jioni. Ni ya polepole, nadhani bosi ameshaacha kulalamika. Dingi yenyewe tumeipaka kijani cha rangi iliyobaki ya geti, jina la yoti limeandikwa kwa herufi kubwa ndani na nje, mbaya mpaka inachekesha. Kupandisha ni dakika tatu: kamba tatu zinakutana kwenye pete moja, henza, kizibo unatoa ili mvua isijae ndani, inabaki inaning'inia usawa wa sitaha. Pwani natumia waya wa stenlesi uliopita kwenye tundu la ubao wa nyuma na kufuli ya shaba, za chuma zinakufa na chumvi kwa miezi miwili. Mwenye mkasi mkubwa ataikata, najua, ila mwenye kisu anaenda kwa jirani.

Mwezi uliopita niliiacha pwani usiku mmoja maana maji yalikupwa sana. Asubuhi dingi ipo, waya upo, kufuli ipo. Makasia yameenda. Na vishwara vyake, vile vitanzi vya kamba vya kushikia makasia, wamevikata vyote viwili.