Windows 11 kwenye Dell ya mtumba: uzoefu wangu, Kirumba, Mwanza

Nilitaka kupandisha mashine kutoka Windows 10. Programu ya ukaguzi ya Microsoft iliikataa, na fundi mmoja wa mjini akashauri kupiga Windows upya, yaani kufuta kila kitu. Haikuwa lazima. Ni Dell ya mezani, Core i5-8500, RAM GB 8. Kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 (namba baada ya i5- huanza na 8) ndipo Windows 11 inapoanzia; ukiona i5-7 au chini yake, karibu zote zinakataliwa. Tatizo hapa lilikuwa diski: ilipigwa Windows kwa MBR, mtindo wa zamani wa kuipanga diski, na Windows 11 inataka UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine, inayotaka diski ya mtindo wa GPT), Secure Boot (kinga wakati wa kuwaka) na TPM 2.0 (chipu ya usalama).

Ujanja uko kwenye kujua kipi kinatangulia. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Kama BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data za diski) imewashwa, isimamishe, la sivyo itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Hii inakagua tu. Ikikubali, rudia ukiweka /convert mahali pa /validate, diski inageuka GPT bila kufuta kitu. Ikigoma, hesabu patisheni za msingi (vipande vya diski): mwisho ni tatu. Hapo ndipo unazima, unawasha huku ukibonyeza F2 kuingia mipangilio ya BIOS, unatoa Legacy (njia ya zamani ya kuwasha) unaweka UEFI, kisha unawasha TPM na Secure Boot. Wengi huanza na F2, mashine inalalamika haioni diski, wanadhani imekufa. Rudisha Legacy, itawaka.

ISO, yaani faili la Windows 11 lenyewe kutoka Microsoft, ilikula zaidi ya GB 5 za bando, ishushe usiku. Ifungue, bonyeza setup, chagua kubaki na mafaili na programu. Kwa SSD, kazi yote ilichukua saa moja na dakika kumi. Chomeka kwenye UPS (betri ya akiba), maana umeme ukikatika katikati, bahati yako ni mashine kujirudisha Windows 10 na kuanza upya.

Na sisi wa kandokando ya ziwa: fungua kava kwanza. Feni ya prosesa ilikuwa imejaa vumbi lililogandamana na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku. Joto likizidi, inajizima yenyewe.

Leseni ilijitambua bila kuulizwa. RAM GB 4 inaruhusiwa, lakini ukifungua kivinjari na Excel pamoja utajuta. Kero yangu ni folda la Windows.old, lenye Windows ya awali, limekalia GB 20 na zaidi. Nimeliacha, kwa sababu ndilo linalokurudisha Windows 10 ndani ya siku 10.