Mbegu za kitani: uzoefu wangu wa kuzinunua, kuzisaga na kuzipika

Mbegu za kitani zimekuwa hazikosekani jikoni kwangu hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya mwaka sasa, na kila ninapopita mitandaoni nakuta zinauzwa kwa maneno makubwa: zinaponya kisukari, zinayeyusha kitambi, zinazibua mishipa, zinasafisha kizazi. Maneno hayo yananiumiza, maana mbegu hizi nazipenda kweli na sioni haja ya kuzisingizia. Faida zake za kweli zinatosha kabisa.

Mimi zilinipata kwa sababu ya choo kigumu. Aliyewahi kuugua tatizo hili kwa muda mrefu anajua linavyokula raha ya mtu: tumbo limejaa, mgongo unauma, na dawa za duka la dawa zikikutoa leo, wiki ijayo uko palepale. Daktari aliniambia niongeze maji, mboga za majani na vyakula vyenye nyuzinyuzi, na katika kuorodhesha akataja mbegu za kitani zilizosagwa.

Tuanze na kununua. Kwenye maduka ya viungo na nafaka ya Kariakoo na Kisutu zinapatikana kwa kupimiwa, na supamaketi ziko kwenye pakiti. Wauzaji wengi wanazijua kwa jina la flaksi, na kwa Wahindi ukisema alsi unahudumiwa mara moja. Ni mbegu bapa, laini, zinazong'aa, kubwa kidogo kuliko ufuta na zimechongoka upande mmoja. Ziko za kahawia na ziko za rangi ya dhahabu. Muuzaji atakuambia, "Dada, chukua hizi za dhahabu, ndizo zenyewe," na bei yake iko juu. Nimetumia zote mbili. Kwa virutubisho zinakaribiana sana, na tofauti ninayoiona ni mbili tu: za kahawia zina ladha nzito zaidi, na za dhahabu hazichafui rangi ya chapati. Matumizi ya kila siku nanunua za kahawia. Za dhahabu nachukua nikiwa na wageni.

Kabla hujalipa, chota chache mkononi, uzitazame na uzitafune. Mbegu nzuri ni kavu, haina vumbi wala vijiti, na ukiitafuna ina ladha ya karanga mbichi iliyofifia. Ikiwa chungu, achana nayo.

Unga uliosagwa tayari kiwandani sikushauri. Pakiti moja niliyonunua ilikuwa bado ina miezi mingi kabla ya kuisha muda wake, lakini nilipoifungua ikanipokea harufu ya rangi ya mafuta, ile inayopakwa milango, na unga wenyewe ulikuwa unawasha kooni. Nilirudi dukani wakakataa kunibadilishia kwa sababu tarehe ilikuwa haijafika. Unga kama huo haufai kuliwa hata kama tarehe inaruhusu. Zaidi ya nusu ya mafuta ya mbegu hii ni omega 3 ya aina inayoitwa ALA, na mafuta hayo huharibika upesi yakikutana na hewa, joto na mwanga. Mbegu nzima inalindwa na ganda lake, inaweza kukaa miezi mingi mahali pakavu bila kuharibika. Ukishaisaga, ulinzi umeondoka.

Na hiyo harufu ya rangi ina sababu. Mafuta ya linsidi ambayo mafundi seremala hupaka kwenye mbao yanakamuliwa kutoka mbegu hiihii, na yanafaa kwa kazi hiyo kwa sababu yakipata hewa hukauka na kuwa utando mgumu. Tafadhali, mafuta hayo ya duka la vifaa vya ujenzi yasiingie jikoni hata tone. Mengi yametiwa kemikali za kuharakisha kukauka, si chakula. Nasema hivi kwa sababu nimeshaulizwa na mtu niliyemheshimu kama angeweza kununua hayo kwa kuwa ni ya bei nafuu.

Basi nanunua nzima na kusaga mwenyewe. Natumia kile kikombe kidogo cha blenda cha kusagia viungo. Nabonyeza na kuachia, nabonyeza na kuachia, kisha natikisa, maana ukiiacha izunguke mfululizo inapata moto na unga unagandana chini ya kisu. Unga ukiwa tayari una madoadoa, mwepesi lakini una unyevunyevu wa mafuta; ukiubana kwa vidole unashikana. Asiye na blenda akaange kwanza kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, hadi zianze kurukaruka na kunukia, kisha atwange. Zikiwa mbichi huteleza kwenye kinu na kumchosha mtwangaji bure, lakini zikikaangwa huvunjika vizuri. Nasaga za wiki tu, nazitia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, na chupa inakaa kwenye friza. Kwa joto la Dar la Februari usiuache unga huu kabatini.

Kusaga ni lazima. Ganda la mbegu hii ni gumu kwa tumbo la binadamu. Dada yangu alikuwa akinyunyiza nzima kwenye saladi, na zikawa zinatoka kama zilivyoingia. Zikisagwa, kijiko kikubwa kimoja cha unga, kama gramu 7, kinakupa karibu gramu 2 za nyuzinyuzi na gramu 1.6 hivi za ALA. Kiwango kinachopendekezwa kwa siku ni gramu 1.1 kwa mwanamke mtu mzima na 1.6 kwa mwanamume, kwa hiyo kijiko hicho kimoja kinatosha.

Nyuzinyuzi zake ni za namna mbili. Ziko zinazovimba kwa maji na kutoa ute unaovutika kama mlenda, na ziko zisizoyeyuka, zinazokipa choo ujazo. Mimi nilianza na kijiko cha chai kwenye uji wa asubuhi, nikapanda taratibu. Siku za mwanzo tumbo lilijaa gesi na kuunguruma, jambo la kawaida ukiongeza nyuzinyuzi. Baadaye likatulia, na choo kikaanza kupatikana asubuhi bila kukamua wala kuumia. Sitii chumvi nikisema hilo lilinirudishia furaha. Sharti lake ni maji. Ukila unga huu mkavu na usinywe maji ya kutosha, unaweza kuziba badala ya kufunguka.

Kuhusu presha, hapa naomba tusikilizane. Mama mkwe wangu ana presha na anatumia vidonge vya kliniki. Aliponiona nasaga mbegu hizi akaniambia, "Mwanangu, yule muuzaji kasema nikinywa hizi niachane na vidonge." Nikamjibu, "Mama, hizi tutakula wote, lakini vidonge usiache hata siku moja bila daktari kusema." Utafiti ninaoutegemea zaidi ulifanyika Kanada na matokeo yake yakachapishwa 2013. Wagonjwa 110 wenye mishipa ya miguu iliyoziba waligawanywa, baadhi wakala vyakula vyenye gramu 30 za mbegu za kitani zilizosagwa kila siku, wengine vyakula vinavyofanana visivyo na mbegu hizo. Baada ya miezi 6, namba ya juu ya kipimo cha presha ya waliokula ilikuwa chini kwa takriban 10 ikilinganishwa na wenzao, na namba ya chini kwa takriban 7. Ni matokeo makubwa kwa chakula, lakini tazama vizuri: gramu 30 ni vijiko vikubwa vinne hivi, kila siku, na wagonjwa wengi kati yao walikuwa wakiendelea na dawa zao. Kolesteroli mbaya nayo huweza kushuka, ila kwa kiasi cha wastani. Mama anakula kijiko kwenye uji wake wa ulezi na vidonge vyake anameza kama kawaida. Kama presha yake imeshuka kwa sababu ya mbegu au ya vidonge au ya kupunguza chumvi, sitajifanya najua.

Jingine linalosemwa ni kwamba ukila mbegu za kitani huhitaji samaki. Si kweli. Omega 3 ya samaki, EPA na DHA, mwili unaitumia moja kwa moja. Hii ya mbegu lazima kwanza igeuzwe kuwa hizo, na mwili hugeuza sehemu ndogo tu. Kwa hiyo dagaa wa kwetu wabaki mezani. Asiyekula samaki kabisa ndiye anayezihitaji zaidi mbegu hizi.

Wako pia wanaopaswa kumuuliza daktari kabla ya kuanza: anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, anayesubiri upasuaji, mjamzito, na mwenye historia ya utumbo kuziba. Wajawazito nawataja kwa sababu mbegu hizi zina lignani kwa wingi, vitu vya mimea vinavyofanya kazi kwa namna inayofanana kidogo na homoni ya estrojeni. Na kwa kuwa ute wake unaweza kuchelewesha dawa kufyonzwa, ni vizuri kuacha saa moja au mbili kati ya dawa na chakula chenye mbegu hizi. Vilevile mbichi zina kiasi cha kemikali za kundi lile lililomo kwenye muhogo mchungu. Kijiko kimoja au viwili kwa siku havimdhuru mtu mzima mwenye afya, na kupika au kukaanga hupunguza kemikali hizo, lakini kunywa bilauri nzima ya mbegu mbichi ili upungue haraka ni kujitafutia matatizo.

Mafuta ya kula ya mbegu za kitani nayo nimeyajaribu, yale ya chupa nyeusi. Ni ghali, hayana nyuzinyuzi hata kidogo, lazima yakae kwenye friji, na hayafai kukaangia kwa sababu huanza kutoa moshi kwa joto dogo. Kwa kunyunyiza kwenye kachumbari yanapendeza. Kwa bajeti ya nyumba ya kawaida siyahesabu.

Sasa mapishi. Uji ndio mahali pake pa kwanza: epua, acha upoe kidogo, koroga kijiko cha unga halafu unywe upesi, kwa sababu ukiuacha nusu saa unakuwa mzito hadi unasimama na kijiko. Chapati nazo zinakubali vizuri. Kwenye vikombe vitatu vya unga wa ngano natia vijiko vikubwa viwili vya kitani, natia maji yanayozidi kidogo ya kawaida na kuuacha unga upumzike zaidi. Zinatoka laini, na kesho yake hazijakakamaa. Maandazi hayakunifurahisha, yalinywa mafuta na kuwa mazito katikati. Mchuzi wa dagaa wa nazi ukitia kijiko mwishoni unashika vizuri bila kuhitaji nyanya nyingi.

Keki ya ndizi bila yai inawezekana kabisa. Kwa kila yai, changanya kijiko kikubwa kimoja cha unga wa kitani na vijiko vitatu vya maji, subiri kama dakika 10 hadi uwe ute mzito, kisha tumia. Keki haitaumuka kama ya mayai, inakuwa nzito na yenye unyevu, lakini inakatika vizuri na watoto wanaimaliza. Kwa kababu zinazovunjika kikaangoni ute huohuo unashikanisha nyama.

Wahabeshi wametangulia mbali katika jambo hili. Kwao mbegu hizi zinaitwa telba, zinalimwa nyanda za juu, na wakati wa mfungo wa Waorthodoksi, ambapo nyama, mayai na maziwa haviliwi, hukaangwa, husagwa na kuchanganywa na maji kuwa kinywaji au rojo la kulia injera, mkate wao bapa. Kinywaji chake natengeneza nyumbani: unga uliokaangwa, maji baridi, asali, unakoroga na kuacha utulie, kisha unamimina maji ya juu. Kinateremka polepole kooni na kinashibisha.

Kinachopendwa zaidi nyumbani kwangu, hata na wasiotaka kusikia habari za afya, ni chatini kavu niliyofundishwa na jirani yangu Mhindi. Kaanga kikombe kimoja cha mbegu za kahawia kwenye kikaango kikavu hadi ziache kurukaruka. Zitoe, kisha kwenye kikaango hichohicho pasha pilipili kavu nne au tano, punje sita za kitunguu saumu na kijiko cha chai cha bizari nyembamba. Acha vyote vipoe kabisa, tia chumvi na kipande kidogo cha ukwaju mkavu usio na kokwa, usage uache chembechembe. Weka kwenye chupa ndani ya friji. Inaliwa na wali na maharage, na muhogo wa kuchemsha, na hata mayai ya kukaanga, na kwa kuwa mbegu zimekaangwa kavu bila mafuta, haikai ikalowa. Vitunguu saumu vikaange hadi vikauke kweli, vikibaki na maji chatini itaota ukungu.