Darubini ya kununua hapa visiwani: anza na 8x42 isiyoingia maji

Darubini yangu ya kwanza ilikuwa 20x50. Niliinunua mjini kwa sababu nambari ilikuwa kubwa na muuzaji aliniambia nitaona mpaka Tanga. Nikaipeleka Ngezi, kaskazini ya Pemba, nikiwa na wageni waliokuja kumtafuta yule bundi mdogo wetu, asiyepatikana popote duniani ila kisiwa hiki. Magharibi imeshaingia, bundi anaita juu ya vichwa vyetu, nami natizama kiza kinachotetemeka. Mgeni mmoja alinipa yake, 8x42, nikamwona bundi mpaka macho. Masika yalipokwisha, ile 20x50 ilikuwa imeota kuvu ndani ya vioo.

Makosa yangu mawili yalikuwa mle mle. Kwenye darubini, nambari ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa mwanga unaofika jichoni. 8x42 inatoa milimita 5.25, 20x50 inatoa 2.5 tu. Mchana wa jua huoni tofauti. Jioni msituni, mboni ya jicho imefunguka milimita 5 au zaidi, na hiyo 2.5 ni kiza. Tena kila kinachokuza picha kinakuza na mtetemo wa mkono. Kupita mara 10 bila kuiegemeza kwenye kitu, ndege anacheza tu machoni.

La pili ni unyevu, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwani maduka mengi hayakuambii. Hewa yetu ina maji na chumvi mwaka mzima. Darubini isiyozibwa inavuta hewa hiyo kila inapopoa usiku, kisha kuvu anaota kama utando wa buibui na kula ile rangi nyembamba iliyopakwa vioo. Kumtoa ni kazi ya fundi, na alama mara nyingi haziondoki. Kwa hiyo tafuta iliyozibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni. Usiridhike na maneno ya kuhimili maji peke yake, maana mara nyingi ni rasharasha tu. IPX ni kipimo cha kuhimili maji: IPX4 ni maji ya kurukiwa. IPX7 ni kuzama mita 1 kwa nusu saa. Watengenezaji Nikon wanaandika mita 1 kwa dakika 10 kwa darubini zao Prostaff P3 na Monarch M5, na kwa mtu anayepanda mashua hiyo inatosha.

Sasa nazipanga.

Ya kwanza kwangu ni 8x42 iliyozibwa, na kwa wengi wetu sioni haja ya kwenda mbali zaidi. Ndiyo ya kutizama kima punju Jozani, popo wakubwa wa Pemba pale Kidike, ndege chozi kwenye mikarafuu, pomboo wanaoibuka Kizimkazi. Ya bei nafuu ninayoiamini ni Prostaff P3: nyepesi, inaonyesha eneo pana la nyuzi 7.2, yaani kama mita 126 kwa umbali wa kilomita moja, na anayevaa miwani anaona duara zima bila kuivua. Ukiweza kuongeza pesa, Vortex Diamondback HD au Monarch M5 zina picha safi zaidi pembeni na jioni. Usiikope pesa kwa ajili ya hizo mbili. Tofauti ipo, ila si kubwa kama ile ya kutoka darubini isiyozibwa kwenda iliyozibwa. Na tahadhari: ipo Nikon nyingine, Aculon A211 8x42, ina picha nzuri kwa bei yake lakini haikuzibwa. Bara pakavu ningeisifu. Hapa, hapana.

Nahodha, yako ni 7x50 ya baharini, na kwako inashika nafasi ya kwanza. Mara 7 inatulia mkononi hata chombo kikipigwa na kusi mkondo wa Nungwi, na mwanga wake wa milimita 7 ndio unaokuonyesha boya alfajiri. Ni nzito, haifai kuvaliwa shingoni kutwa. Nyingi, kama Bushnell Marine, zina dira ndani, na zenye vipimo vya mili (alama za kupimia pembe) ndani ya kioo zinakupa umbali kwa hesabu ya skuli. Mlingoti wa mita 10 ukichukua mili 20, zidisha 10 kwa 1,000, gawa kwa 20: chombo kile kiko mita 500.

Hilo linanileta kwenye zenye leza ya kupima umbali, maana vijana wananiuliza sana. Leza inapeleka mwanga, inahesabu muda wa kurudi. Mwale unatanuka kadiri unavyokwenda, hivyo kwa kitu kidogo kilicho mbali, ndege juu ya mkoko kwa mfano, unagonga jani la mbele au mti wa nyuma na kukupa nambari ya hicho. Juu ya maji matupu mwanga unaakisiwa kwenda mbele na mara nyingi haurudi. Zile mita 1,000 za kwenye boksi ni za kitu kikubwa kinachoakisi vizuri, na kwa kitu kidogo cheusi zinapungua sana. Inamfaa mwindaji. Kwa mwongoza wageni ni gharama bure.

10x42 naiweka ya tatu. Inafaa maji yakipwa Chwaka, unapotafuta ndege wa pwani waliotoka kaskazini na wako mbali topeni, na una ukuta au nguzo ya kuegemeza viwiko. Za mfukoni, 8x25, ni za mchana tu na kwa mtu ambaye kubwa ataiacha nyumbani.

Zile za kuzungushwa ili kubadili ukuzaji (zoom), zilizoandikwa nambari kama 10-180x100, usiguse. Hakuna darubini ya mkononi inayokuza mara 180 na ikabaki na picha.

Dukani, toa dakika tano. Ielekeze angani, mbali na jua, uishike sentimita 30 kutoka usoni: kiduara cha mwanga kiwe cha mviringo, kikiwa na kingo zilizokatwa ni prizimu (vioo vya ndani vinavyogeuza picha) za bei rahisi. Kisha tizama ncha ya mnara wa msikiti kwa macho yote mawili. Ukiona ncha mbili, au macho yakavutwa, vioo havikukaa sawa, irudishe. Ikiwa ni ya mtumba, washa tochi ya simu upande wa vioo vikubwa na uchungulie upande wa pili. Utando wa kuvu utauona wazi. Usiogope za zamani zilizo safi ndani, baadhi zinashinda mpya za bei hiyo.

Ukifika nayo nyumbani, kwa ile iliyozibwa, suuza chumvi kwa maji baridi kwanza ndipo ufute. Ncha ya kanga juu ya chumvi kavu inakwaruza kioo. Usiilaze kwenye mkoba wa ngozi kabatini, ngozi inashika unyevu. Mimi yangu inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na kila mwezi vipakiti navibadilisha kwa vipya.