Tapi ya Pilates niliyonunua mujini: uzoefu wangu na ile butiki

Batu ya Lubumbashi, kama uko unatafuta tapi (ule mukeka ya mupira) ya kufanyia Pilates, yale mazoezi ya kutia mwili nguvu, nyumbani soma kwanza hii halafu ndiyo utoe falanga yako, juu mi niko na hasira mpaka sasa na sitaki mwingine apite mule nilipita.

Niko naishi Bel-Air, salo yetu si kubwa, chini ni karo (vigae). Nikasukuma fotei ku ukuta, nikatosha meza ya katikati, nikapata nafasi ya kulala na kufungua mikono bila kugonga kitu. Mwalimu anafundisha toka Bruxelles kwa video, akaniambia telefone isikae mbele yangu, ikae ku upande na chini, juu anataka kuona mugongo, si uso. Nikaiegemeza ku mukebe ya maziwa, nikapunguza ubora ya video juu mega za internet zinakwisha haraka. Saa nazo hazisumbui, wakati huu wa kipwa (majira ya ukavu) saa yao na yetu ni moja, toka mwisho wa mwezi wa kumi ndiyo tunabatangulia saa moja. Hayo yote yalienda muzuri. Shida ni tapi.

Nilienda ku butiki moja ya bintu ya sport mujini, nikamuambia kijana pale wazi kabisa: nataka tapi ya Pilates, ya munene, ile ya milimita 15, juu tunalala chini na kujiviringisha juu ya mugongo, mufupa mumoja kisha mwingine, na karo ni ngumu. Akaniletea moja imefungwa ndani ya plastiki, eti hii ndiyo yenyewe, na plastiki haifunguliwe kabla ya kulipa. Sawa, nikalipa.

Kufika nyumbani naifungua, naibonyeza na kidole gumba, nasikia karo pale pale! Nikachukua rula ya mutoto: milimita 6. Hiyo ni ya yoga, kule banasimama sana na tapi nyembamba inabasaidia kushika chini. Somo likaanza, ile ya kupandisha na kushusha mikono mara mia unavuta pumzi hesabu tano unatoa hesabu tano, hiyo nikavumilia. Tukafika ku kujiviringisha, eh! Kila mufupa wa mugongo ulihesabu karo, na baridi ya kipwa inapanda toka chini, na tapi yenyewe inateleza inaenda na mi. Mwalimu akanisimamisha, akasema hapo utaumia, lala tu upumzike. Nililipia somo ili nilale nipumzike.

Nikairudisha. Hapa ndipo roho inaniuma. Nilimusalimia yule kijana kwa heshima, nikamuelezea polepole, nikamuonyesha rula. Hakuangalia hata rula. Akaniangalia mi, toka juu mpaka chini, akasema mbele ya bateja: "Mama, tapi haina shida, ni uzito yako ndiyo inaibonyeza. Pilates ni ya mademu wembamba, punguza kwanza kilo." Na batu bakacheka! Mutoto wa kuniita mama, ambaye ningeweza kumuzaa! Pole, hakuna. Kubadilisha, hakuna. Eti plastiki imefunguliwa.

Na tena hajui kitu. Hii Pilates iliundwa na mwanaume, Mujerumani, Joseph Pilates, bingereza balimufunga Isle of Man wakati wa vita ya kwanza ya dunia, na mule mu kambi ndimo aliendelea kutengeneza mazoezi yake, mbele ya kwenda kufungua studio New York mu miaka ya 1920. Mademu wembamba gani? Mi nilianza juu mukine, ule wa kutibu mwili kwa mazoezi, aliniambia mugongo yangu inahitaji nguvu.

Sasa niseme ukweli, tapi yenyewe si mubaya sana. Binti yangu anajinyoosha nayo asubuhi na haijapasuka, harufu ya mupira imepungua, kwa mutu wa yoga pengine ni sawa na bei si ya kuua. Nilitaka kusema ni ya katikati. Lakini hapana, nikikumbuka ile kicheko siwezi, kitu nimeuzishiwa kwa jina isiyo yake ni kitu mubaya hata kama kinadumu miaka kumi. Musiende kule. Kama muko na lazima muende, mulazimishe bafungue plastiki mbele yenu na mubonyeze na kidole, bakikataa mutoke.

Kwa sasa natandika blanketi mbili chini yake, ni afadhali kwa mifupa lakini ku kujiviringisha inahama na kila mara naacha somo naitandika upya. Mutu anayejua mahali banauzisha ya milimita 15 kweli hapa Lubumbashi, hata kama ni ya kuagiza kupitia Kasumbalesa, kule ku mupaka ya Zambia, aniambie na bei.